Mkojo wa Kuazima

Karibu na soko la Kasongo, enzi za Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji wa Kongo, Apolline aliuza kahawa mbele ya gogo lililolainishwa na makalio ya watu wa maneno mengi. Asubuhi hiyo Bulaimu, mlimaji wa pamba, alikaa pembeni ameficha chupa ndani ya kanzu. Mungu amrehemu, aliogopa. Mwezi mzima alikuwa akikojoa damu, na muganga wa dispensari alimwambia alete mkojo tu, bila kisu wala sindano, wautazame kwenye kioo cha kukuza, wajue kama kibofu kimeota uvimbe mbaya.

— Mukojo tu? akauliza Raphaël, aliyeitwa Gazeti kwa kuwa alijua habari kabla hazijatokea. Bure! Wanaupeleka Ulaya, wanauchemsha, wanapata mafuta ya kupaka bibi zao.

— Muongo weye! akasema Amuri Kifaru, mbeba magunia. Wanatafuta nani anakunywa lotoko, ile pombe kali ya kificho. Kila tone linasema.

— Basi chupa ya Bulaimu itaimba! akasema Gazeti.

Bulaimu akainamisha macho, maana haikuwa uongo mtupu: lotoko aliionja.

— Na ile damu je? akauliza Apolline.

— Damu ni nzito kuliko maji, mama, akajibu Gazeti. Itabaki chini. Wasitikise tu chupa.

— Damu gani? akajigamba Kifaru. Chupa ile nimeijaza miye, mukojo wangu! Mugeni njoo, mwenyeji apone!

— Vizuri! akasema Gazeti. Hata kwenye mizani ya pamba tunapeleka ile nyeupe. Mbaya tunaiacha nyumbani.

Gogo zima likacheka. Bulaimu naye akacheka, ingawa moyo ulimsuta: muganga alimwamini.

Hapo akatokea Sakina, mkewe, na beseni la nguo kichwani.

— Baba, hata dispensari haujafika?

— Niko njiani. Kifaru amenisaidia mukojo.

Sakina akamtazama Kifaru, kisha mumewe.

— Muganga akisema iko muzuri, nitamushukuru Mungu kwa kibofu cha nani?

Kifaru akahesabu vidole vya miguu yake.

Bulaimu akainuka, akamwaga chupa majanini, akaisuuza kwa maji ya moto ya Apolline.

— Mama, nipe kahawa.

— Kikombe kimoja?

— Leta birika yote, chupa hii niijaze miye mwenyewe. Na weye Sakina, tua beseni, uningoje. Tutaenda wote.