Mama Majani na Kijiti Kisichosahau

"Nakwambia nimesikia."

"Umesikia panya."

"Panya gani anayejua saa? Kila siku saa kumi alasiri. Fyu, fyu, fyu. Ni kile kitambaa chake. Mimi fundi wa kushona, sauti ya kitambaa siwezi kuikosea."

"Basi ni upepo."

"Upepo unahesabu? Maana nimesikia na namba zikitajwa chini kwa chini."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Hao mliowasikia ni majirani wawili, wamesimama njiani wanabishana, na nyumba wanayobishania iko katikati ya nyumba zao. Anayesema amesikia ni fundi wa kushona, mama mwenye masikio makali kuliko mkasi wake. Anayebisha ni dereva wa malori aliyestaafu. Mtaa mzima unamwita Dereva hadi leo, ingawa siku hizi haendeshi kitu isipokuwa kiti chake, anapokivuta kufuata kivuli.

Chumba cha nyuma cha nyumba ile kilikuwa chumba cha kazi cha mama mmoja. Mama huyo amefariki. Wiki saba zimepita. Na sauti ya kazi yake bado inasikika.

Jioni ya leo tunamkumbuka Mama Majani.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wakulima waliokuwa wakipanga foleni barazani kwake, kila mmoja na jani lake mkononi. Jani la nyanya lenye madoa. Jani la kiazi lililojikunja kama sikio la mbwa. Swali lilikuwa moja: mama, hili lina sumu?

Maana jani linadanganya, wasikilizaji wapendwa. Doa linaweza kuwa jua tu, au njaa ya udongo. Linaweza pia kuwa ukungu, na ukungu wa namna fulani unatema sumu yake ndani ya jani. Jicho haliwezi kutofautisha. Kisanduku cha Mama Majani kiliweza.

Alianza kwa kuosha chupa. Miaka ishirini na miwili aliosha chupa katika kituo cha utafiti wa mimea, na hapo jikoni kwa wataalamu, kama alivyopaita, alisoma shule ambayo haikumpa cheti. Siku moja alimkuta mkemia amesimama anasugua kijiti juu ya kitambaa, anachora nane, nane, nane. Akamuuliza, "Daktari, unaroga?" Mkemia akacheka mpaka akamfundisha. Kitengo cha mkemia yule kilipofungwa, kisanduku kikuukuu kilikuwa kinakwenda kutupwa. Yeye alikwenda nacho nyumbani.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana kisa chote kimelala hapa. Kisanduku chenyewe si kikubwa kuliko redio unayonisikilizia. Kina nyaya tatu na vijiti vitatu. Mama Majani alitwanga jani katika kinu kidogo cha kaure, akalilainisha kwa spiriti, akalichuja, maji yake akayatia kikombeni. Vijiti vikazama. Akapandisha umeme kidogo kidogo. Kwenye kioo cha kisanduku mstari ukawa unajichora. Jani safi, mstari unapita kama barabara ya tambarare. Jani lenye sumu, mstari unafika mahali fulani, palepale siku zote, unainua nundu. Nundu kubwa, sumu nyingi. Nundu ndogo, sumu kidogo. Bila nundu, nenda zako kapalilie.

Kati ya vijiti vile vitatu, kimoja ndicho mkubwa wa kazi. Ni kijiti cha kaboni, ncha yake duara jeusi linalong'aa, dogo kama punje ya dengu. Kijiti hicho kina tabia moja mbaya. Hakisahau. Sumu ya jani lililopita inakigandia usoni, na ukikizamisha kwenye jani jingine bila kukisafisha, kinaweza kukuinulia nundu ya jani ambalo halipo tena mezani.

"Hiki ni kimbea," alikuwa anawaambia wakulima. "Kinatoa maneno nyumba hii kinapeleka nyumba ile. Dawa yake ni kukisugua mdomo."

Kusugua kwenyewe ni juu ya kitambaa laini, kwa unga mweupe uliolowanishwa, kwa kuchora nane. Nane mia mbili. Si mia moja na tisini. Mia mbili, kila baada ya jani.

Sasa mkaribisheni mumewe. Ni kinyozi, duka lake liko kwenye kona, na mdomo wake haujawahi kupata likizo. Kichwa kimoja akikinyoa, utatoka ukijua nani kahama na nani karudiana na nani. Mkewe alimpenda hivyohivyo. "Mimi nasikiliza vijiti, yeye anasikiliza watu," alisema. "Nyumba imekamilika."

Miaka sita iliyopita madoa yalizuka mashamba yote kwa mpigo. Foleni ilitoka barazani ikafika barabarani. Kinyozi akafunga duka akaja kumsaidia mkewe. Akapewa kazi ya kusugua.

"Mia mbili, baba watoto."

"Nimenoa wembe miaka thelathini. Kijiti ndicho kitakachonishinda?"

Akasugua akiwa mlangoni mwa chumba, na kusugua ni kazi ya mkono, mdomo unabaki huru. Watu wamejaa, wanachoka, wanataka kuchangamshwa. Kinyozi akaanza kuwasimulia jinsi jirani yake Dereva alivyompata mkewe. Kisa kitamu. Binti mmoja anasimamisha lori barabarani, ana kikapu cha kuku, anataka kukaa mbele. Dereva anachungulia dirishani, anamwambia, "Huku mbele hapakai mtu anayeongea sana."

Watu wakacheka. Mkono wa kinyozi ukasimama. Na ndani, kutoka mezani, mkewe akauliza, "Umefikisha mia mbili?"

Alikuwa amefika thelathini. Labda thelathini na mbili.

"Mia mbili na nyongeza," akajibu.

Jani lililokuwa limepita lilikuwa jeusi kwa sumu. Jani lililofuata lilikuwa la Dereva mwenyewe.

Na hapa, wasikilizaji wapendwa, lazima niwaambie nyanya za Dereva zilikuwa nyanya gani. Hazikuwa za kwake. Zilikuwa za mkewe, yule binti wa kikapu cha kuku. Alipanda miche ile kwa mikono yake, mia na ushee, kando ya ua. Mwezi mmoja baadaye akafa, ghafla, mchana, akiwa anafua. Dereva hakuwahi kulima maishani mwake. Alijifunza kumwagilia kwa ajili ya miche ile. Siku ya foleni tayari ilikuwa na nyanya mbichi, ngumu kama ngumi za mtoto.

Mstari ukajichora. Nundu ikainuka. Ndogo, lakini nundu. Kwa kawaida Mama Majani alipima kila jani mara mbili. Siku ile, kwa foleni ile, alipima mara moja. Akaandika kwenye karatasi: INA SUMU.

Sheria ya wakulima ilikuwa moja, ng'oa uchome, upepo usiwapelekee wenzako. Dereva aling'oa jioni ileile, mche mmoja mmoja. Asubuhi alichoma. Fundi wa kushona anakumbuka kwamba hakulia. Alisimama upande moshi unakoelekea, akauacha umpitie.

Mama Majani alikuwa na desturi ya kutunza nusu ya kila jani ndani ya bahasha. Siku ya tatu alizirudia zile zenye nundu ndogo. Akasugua mwenyewe, nane mia mbili. Akazamisha jani la Dereva.

Mstari ukapita kama barabara ya tambarare.

Akarudia. Tambarare. Akarudia tena. Tambarare.

Akatoka na mikono yake yenye unga mweupe mpaka kwenye ua. "Jirani," akasema, "jani lako lilikuwa safi. Nimekosea. Kosa ni langu."

"Haya," Dereva akasema. Neno hilo moja. Halafu akaingia ndani, na hakumsalimia tena kwa miaka sita. Kipande kile kando ya ua hakupanda kitu. Kilibaki kitupu, cheusi, na kila aliyefungua dirisha la chumba cha kazi alikiona.

Mama Majani alilifungua dirisha lile kila siku. Bintiye, ambaye ni mwalimu, ametuambia: "Nilimwambia mama ahamishie meza upande wa pili. Akasema hapana. Akasema, nikisahau mimi, nitakuwa mbaya kuliko kijiti."

Je, kinyozi? Kinyozi alinyamaza. Aliendelea kunyoa, aliendelea kusimulia vya watu, ila kisa cha lori na kikapu cha kuku hakukigusa tena. Wateja walipokiomba, alisema amekisahau. Alijua kwa nini jani lile lilidanganya. Kila siku alisema kesho nitamwambia mke wangu. Kesho ina watoto wengi, wasikilizaji wapendwa, na wote wanaitwa kesho.

Mama Majani akaugua moyo. Hospitalini, bintiye amemshika mkono, maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kazini: "Msikiache kijiti kikauke na jani juu yake."

Baada ya mazishi kinyozi aliingia chumbani kusafisha kijiti, kama alivyoagizwa. Akaona daftari la vipimo. Mkewe aliandika kila jani: tarehe, mwenye jani, nundu, na idadi ya nane. Kurasa nzima, mia mbili, mia mbili, mia mbili. Akafunua mpaka siku ya foleni. Kwenye jani la Dereva, mia mbili ilikuwa imefutwa kwa mstari. Pembeni, kwa kalamu hiyohiyo, palikuwa na namba nyingine.

Thelathini.

Na chini yake: "Nilisikia kitambaa. Watu walikuwa wengi, sikutaka kumwaibisha. Kosa ni langu."

Alikuwa anahesabu naye. Chumbani, kwa sikio, kama alivyohesabu kila siku. Alijua tangu dakika ile. Akamuuliza ili ampe nafasi ya kusema bado. Naye akamjibu mia mbili na nyongeza. Miaka sita walilala kitanda kimoja, kila mmoja akimfichia mwenzake jambo lilelile.

Tangu hapo, kila saa kumi alasiri, kinyozi anafunga duka, anaingia chumba kile, analowanisha unga, anachora nane. Anaziimba chini kwa chini ili zisimpotee. Akifika thelathini, anatuambia, kitambaa kinakuwa kizito, na anahisi kuna mtu mezani nyuma yake ameinua kichwa anasikiliza. Hageuki. Anaendelea mpaka mia mbili.

Hiyo ndiyo sauti, wasikilizaji wapendwa. Si panya, si upepo.

Kwa hiyo turudi njiani.

"Kama ni panya," fundi wa kushona alimwambia Dereva, "si uende ukamfukuze? Mwanamume mzima."

"Ile nyumba siingii."

"Huingii, au unaogopa kwamba ni yeye?"

Dereva aliingia. Alipita uani, akasukuma mlango wa chumba ambacho miaka sita alikikwepa hata kwa macho. Akamkuta kinyozi ameinama, vidole vyeupe, anasema, "Mia na sitini na moja, mia na sitini na mbili."

Kinyozi alipomwona hakusimama. Alimaliza kwanza. Halafu akalisogeza daftari, limefunguliwa palepale, akaweka kidole kwenye namba.

"Nilikuwa mimi, kaka. Yeye alilibeba kosa langu akiliita lake. Nilifika thelathini nikasema mia mbili."

Dereva alisoma taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha barabara asiyoijua. Akaketi. Nje, fundi wa kushona alikuwa ameganda ukutani, na ametuapia kwamba hakupumua.

Kabla sijawaambia kilichofuata, nitoe kwanza yaliyo juu yetu. Sisi wa redio hii tunatoa pole kwa kinyozi, kwa binti yake mwalimu, na kwa wakulima wote waliowahi kushika jani lao barazani pale. Mungu amlaze mama yetu pahali pema. Kisa hiki tumekisimulia kwa idhini ya kinyozi. Amesema alikosa mbele ya watu, basi na asikike mbele ya watu. Nawe uliye karibu na redio yako, jiulize polepole: ni wapi ulipofika thelathini ukasema mia mbili? Na ni nani ndani ya nyumba alikuwa anahesabu nawe, akanyamaza kwa kukusitiri? Kama yu hai, usimngoje kesho.

Basi. Unga ulianza kukauka vidoleni mwa kinyozi. Dereva ndiye aliyeanza.

"Wakati ule. Ulikuwa unawasimulia nini watu, hata ukapotewa na hesabu?"

Kinyozi akainamisha kichwa. "Wewe na mkeo. Siku ya lori."

"Uliishia wapi?"

"Pale ulipomwambia huku mbele hapakai mtu anayeongea sana."

"Hukufika alipojibu?"

"Sikufika."

Dereva alitazama dirishani, kwenye kipande chake kitupu kando ya ua. Halafu akasimama, akatoka, na fundi wa kushona akarukia mlango wa jikoni kwake kama aliyekuwa na mboga motoni. Kinyozi akaona kuwa hakusamehewa. Akaanza kufunga kijiti kwenye kitambaa chake.

Sauti ikamfikia kutoka ng'ambo ya ua.

"Jirani."

Neno lile halikuwa limevuka ua ule kwa miaka sita. Kinyozi alisimama mlangoni.

"Nawa hiyo mikono uje," Dereva alisema. "Nimepika cha watu wawili. Kila siku napika cha watu wawili, mkono unapima wenyewe. Ingia tule. Kaa kile kiti cha mke wangu cha dirishani, ndicho cha mwenye kuongea, nikwambie alivyonijibu."