Chupa ya Dawa ya Kupe

Bamama, asanteni kunipa nafasi. Nitasema nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitanyamaza tena.

Minye niko mutoto wa wafugaji, kule milimani Rurambo. Vita vilipotushusha huku Uvira, ng'ombe zote zilibaki. Kitu kimoja tu cha ng'ombe kilishuka na sisi: chupa ya dawa ya kupe. Bwana yangu aliifunga ndani ya blanketi, eti tutarudia mifugo.

Tulipanga chumba kimoja, watu saba. Upele ukaingia. Ulianzia katikati ya vidole vya kitinda mimba wangu, binti wa miaka sita, ukapanda mpaka tumboni. Alijikuna mpaka damu. Nilimpaka mawese, nikamsugua na chumvi, wapi! Jirani yangu, mama mmoja Mufuliiru, mwenyeji wa huku, akaniambia, "Weye, peleka mutoto ku muganga wa kituo cha afya." Nikakataa. Niliona haya, ndugu zangu. Nilisema watatucheka, kwamba watu wa milimani hawaogi.

Nikakumbuka ile chupa. Nawaambia ukweli, sikuwaza mara mbili: ng'ombe anaogeshwa ile dawa na anapona, mutoto atashindwa nini? Nikatia kifuniko kimoja ndani ya beseni. Maji yakawa meupe, kama tulivyoyazoea kule juu. Nikaanza kumwogesha. Akalia, "Mama, inaunguza!" Nikamshika kwa nguvu. Mikono hii hapa ndiyo ilimshika.

Punde akatapika, mate yakamtoka, macho yakalegea. Nikapiga kelele. Yule mama niliyemkatalia alikuja mbio, akammwagia bido nzima, dumu zima la maji safi, akambeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Minye nilifuata nyuma na chupa mkononi. Muganga aliisoma, akaniangalia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Siku tatu sikujua kama nitarudi nyumbani na mutoto ao na maiti. Mungu alituachia mutoto.

Na upele wenyewe? Muganga alitupatia mafuta yake, tukajipaka wote saba siku moja, shingo mpaka nyayo, hata asiyejikuna. Tukachemsha nguo, tukaanika blanketi juani, tukakata kucha. Ikiwasha, kitambaa cha maji baridi. Basi, ni hayo tu niliyokuwa nayakimbia.

Mama jirani, umekaa pale nyuma, unajua iko weye nasema. Asante. Mutoto ni wako pia. Na nyinyi wengine, upele si aibu. Dawa ya mifugo muache ku mifugo, na mutoto akisema inaunguza, mumusikie.

Binti yangu amepona, mgongo tu umebaki na mabaka ya ile dawa. Lakini kila nikileta beseni ananiuliza, "Mama, iko maji tupu?" Namjibu, iko maji tupu. Haniamini. Namwagia kwanza mkono wangu, anauangalia, anangoja. Ndipo anavua nguo.