Kiganja cha Korosho na Papai la Kiapo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Huko nyuma wameitikia vizuri. Hapa mbele wapo walioitikia kwa nusu mdomo, na ninawaona. Ndivyo mlivyokuwa mkiitikia salamu zangu njiani wakati ule, kwa hiyo leo nivumilieni mpaka nimalize.

Mimi ni Mbeyu, mke wa Tsuma, yule mkata mawe. Kabla sijaeleza Bwana alilonitendea, mjue kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa hivyo huko Kinango, na wokovu haujaniondolea yote. Nikipewa kuku wa zawadi, ninamwinua mabawa kwanza nione ana ugonjwa gani. Mchungaji akihubiri juu ya upendo, ninajiuliza ni nani aliyemkosea wiki hii. Basi mtu huyu wa kushuku, ndugu zangu, ndiye aliyekuja kushukiwa yeye!

Tsuma aliponioa alikuwa mtu wa mabega. Mawe mnayoyaona kwenye kuta za mahoteli kule Galu, mengi yamepita mikononi mwake. Kisha tumbo lake likaanza kuwaka. Akila chochote chenye tui au mafuta, kiungulia kinampanda mpaka kooni. Sima akawa anamega matonge mawili, anaisukuma. Mimi mke nifanye nini? Nikampikia kile anachokiweza: mchicha chukuchuku, mamumunye ya kuchemsha, samaki changu wa maji na ndimu, matango, na tikiti ambalo alilipenda kuliko vyote. Nilimpakulia sahani ikafura kama kichuguu. Alikula akamaliza, akaomba nyingine. Na alizidi kukonda mpaka suruali ikahitaji kamba.

Na mimi je? Chakula changu kilienea kwenye bakuli la mtoto. Asubuhi kikombe cha uji, mchana vijiko vichache vya kisamvu, na Jumatano ninafunga, mnajua. Kazi yangu ni kubangua korosho za tajiri mmoja wa Ukunda. Ninakaa barazani kutwa. Kokwa nzima ni zake, zilizovunjika hazitaki, basi hizo mojamoja ninatia mdomoni. Nani angekiita hicho chakula? Na nazi za mnazi wetu niliendelea kuzikuna, maana kutupa neema ya Mungu ni dhambi. Lile tui la kwanza, zito, ambalo mume wangu haliwezi, nililimimina kwenye uji wangu na kwenye kisamvu changu.

Nikanenepa! Nikanenepa mpaka pete ikanibana kidole. Nilimshuku fundi wa nguo kwamba ananiibia kitambaa. Nilikishuku kioo.

Sasa jitieni katika macho ya watu. Mume anapewa mlima wa chakula, anakonda. Mke anaonjaonja tu, ananenepa. Hapa kwetu hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Wakasema, anamla mumewe.

Tulikwenda hospitali kumpima. Kifua, damu, sukari, kila kitu, na majibu yote yakarudi safi. Akaulizwa, unakula vizuri? Naye kwa kiburi cha mwanamume akajibu, ninakula sahani mbili. Wakampa vidonge vya kuongeza nguvu, tukarudi nyumbani. Ndugu zangu, majibu yale safi ndiyo yaliyonimaliza! Kwa sababu hospitali ikikosa ugonjwa, watu hutafuta mkono wa mtu. Na mkono uliokuwa karibu ni wangu.

Mama mmoja aliacha kunywa maji kwangu, akisema amefunga. Kesho yake pia amefunga. Nikampa pole kwa mfungo wake mrefu. Mchungaji, nisamehe, lakini hata wewe uliniita mbele ukaniombea roho ya ulafi initoke. Nilianguka kwa adabu tu.

Hayo yote niliyabeba. Lakini siku moja mchana nilimwekea Tsuma sahani, nikaenda kuchukua maji. Niliporudi alikuwa hajaigusa. Bila kunitazama akasema, "Mbeyu, onja wewe kwanza."

Miaka yote ya ndoa yetu, mume wangu alikuwa hajawahi kuniambia neno lile. Nilionja. Nilionja huku machozi yanadondoka, na yeye akitazama koo langu kama nimemeza. Ndipo akala.

Na kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Nikaanza kujishuku mwenyewe! Maana wanasema kuna aliye na uchawi na hajui kwamba anao. Nikajiuliza, je, ikiwa ni kweli? Nikawa ninanawa mikono mara mbili kabla ya kumpakulia. Nikawa ninaogopa kumgusa bega. Mtu akikushuku unaweza kuhama mtaa, lakini ukijishuku mwenyewe utahamia wapi?

Wazee wa ukoo wakakaa. Ninyi wa hapa mnajua, mtu akishukiwa kuna kiraho. Papai linasomewa maneno, unakula kipande mbele ya watu. Huna hatia, unameza unakwenda zako. Una hatia, mdomo unavimba. Nikasema mimi ni mtu wa Kristo, sili kiraho. Na leo niseme kweli yote mbele za Mungu: nilikuwa ninaogopa pia. Nilipokataa wakatazamana, wakasema, "Mnaona?" Wakaniambia mahindi yakishavunwa, ama nile lile papai, ama nifungashe nirudi Kinango. Tsuma alikuwa ameketi pale pale. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nikaomba. Nilisema, Bwana, mimi sina wa kunitetea. Leta shahidi ndani ya nyumba hii, aone kwa macho yake ninachofanya.

Wiki haikuisha, akaingia wifi yangu Nyevu na begi kichwani. Nyevu ni dada wa Tsuma, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja papai. Mumewe yuko Katari kikazi, hivyo nafasi anayo. "Hujambo wifi," akasema. "Nimekuja kumtazama kaka." Nikamjibu sijambo, karibu ndani. Moyoni nikamwambia Bwana, ni shahidi gani huyu uliyemleta?

Chakula cha kwanza tu akaweka sharti. "Wifi yangu, usinione vibaya. Cha kaka sitakila. Nitakula kile unachokula wewe, chungu kimoja, na wewe utaanza." Alisema kwa heshima zote, sauti ya chini, kanga imefungwa vizuri. Mimi nikasema haya, starehe.

Basi nikitia kijiko mdomoni, naye anatia. Uji wangu ndio uji wake, kwa tui lile lile. Nikikaa kubangua, anakaa mkabala wangu, macho ameyakaza mikononi mwangu asikose kitu. Mimi nikitafuna kipande cha korosho, naye anachukua kipande kutoka rundo lile lile, ili kama kuna sumu tufe wote. Hata chooni alinisindikiza akasimama nje akikohoa. Mwezi ukapita, na mwingine, na Nyevu hakuona kitu. Alikuwa anatafuta hirizi, anatafuta kibuyu, anapekua chini ya godoro. Bakuli alilolishika mkononi hakulishuku.

Ikafika Jumapili ya akina mama. Nyevu akatoa sare yake ya buluu. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma. Akaniita nimsaidie. Tukavuta! Akabana pumzi, tukavuta tena! Aliponigeukia, uso wake umebadilika kabisa.

"Mbeyu, umenifanya nini?"

Nikamwambia, "Wifi, umekula nilichokula, na niliyeanza ni mimi."

Alikuja kanisani siku ile na leso mabegani kufunika mgongo. Na ninyi akina mama, Mungu awasamehe, mlifanya nini? Mume yuko Katari, na tumbo la Nyevu linatangulia mbele. Mlianza kumhesabia miezi! Aliyekuja kushuku akashukiwa. Alirudi nyumbani akajifungia akalia, na nilitaka kufurahi, ndugu zangu, sitawaficha. Nilisimama mlangoni nikitafuta furaha hiyo, sikuiona. Kilio kile nilikijua.

Jumatatu tukakwenda kliniki wawili, yeye akapimwe mimba na mimi niwe shahidi wake. Hapakuwa na mimba. Nyevu akamwambia muuguzi, "Basi hiki ninachobeba ni nini? Maana sili kitu." Muuguzi, binti mpole, akamuuliza, hicho kidogo unachokula ni kipi? Akasema, ninakula anachokula huyu. Nikataja: uji kidogo, kisamvu kidogo, tui lililobaki, korosho zilizovunjika. Muuguzi akaniambia nionyeshe kwa mkono korosho za siku moja ni kiasi gani. Nikakunja kiganja. Nikafikiri, nikakunja tena. Nyevu akanisaidia, "Ongeza, wifi. Ongeza."

Ndipo yule binti akatueleza mambo ya kalori, yaani nguvu iliyofichwa ndani ya chakula. Kiganja kimoja cha korosho kinaweza kuzidi sahani nzima ya tikiti! Sufuria ya mchicha wa maji haifiki kikombe kimoja cha tui zito! Na mnazi ndio ulionishangaza, kwa sababu ni mti mmoja. Dafu likiwa changa, maji yake ni mepesi, unakunywa unakwenda zako. Iache nazi hiyo hiyo ikomae, ikune, ikamue tui la kwanza, umekamua mafuta. Nikamuuliza, na mtu anayekula mlima wa mboga na tikiti, akakata mawe kutwa? Akasema, mama, huyo anajaza tumbo, mwili haujazi.

Sikumwamini! Ninawaambia ukweli. Nilimtazama yule binti nikamshuku kwamba ametumwa. Lakini njiani Nyevu alisimama katikati ya barabara akashika kichwa. "Wifi," akasema, "mimi nimekutazama miezi hii yote. Kama ungekuwa unamla kaka, ningekuona. Wewe ulikuwa unakula nazi." Akaanza kucheka, na kucheka kule kukageuka kuwa kilio, tukashikana pale pale na pikipiki zinatupigia honi.

Bwana asifiwe! Niliomba shahidi wa kunihurumia, Mungu akanipa mpelelezi. Nani angemwamini anayenipenda? Lakini Nyevu, nani angemkataa?

Tsuma tulimrudisha hospitali, safari hii na maneno kamili. Nikasema sahani ina nini, si sahani ina ukubwa gani. Wakatafuta kidonda cha tumbo wakakiona, wakampa dawa. Kiungulia kikashuka. Sima ikarudi, maharage yakarudi, na korosho chache nikazisaga kwenye uji wake. Mabega yakaanza kurudi polepole.

Lakini mahindi yalikuwa yamevunwa, na wazee hawakusahau. Siku ikafika. Wakaketi, papai limewekwa mezani, mimi nimesimama mbele yao. Sijafungua mdomo, Nyevu akapita katikati ya wanaume, akawapa shikamoo mmoja mmoja, akasema, "Wazee wangu, mimi ndiye niliyemshtaki Mbeyu. Nimelala nyumbani kwake, nimekula chungu chake, nikanenepa kama yeye. Kama yeye ni mchawi, na mimi nikatieni papai langu."

Mzee mmoja akamtazama Nyevu kutoka juu mpaka chini, akamtazama na Tsuma, ambaye shati lilishaanza kumkaa. Akasema, "Liondoeni."

Jioni hiyo Nyevu alileta papai lingine, alilolinunua kando ya barabara hapa Msambweni, papai la watu, halikusomewa neno. Akalikata vipande vitatu. Na mimi na tabia yangu, ndugu zangu, nilisita. Mkono ulikataa. Papai lilikuwa limeshakuwa kitu cha kunitisha. Tsuma akaona. Akachukua kipande chake, akala chote mbele yangu, akafuta mdomo. Akachukua changu, akanishikisha mkononi.

"Nimeshaonja," akasema. "Kula, mke wangu."

Nililia mpaka nikashindwa kutafuna. Kuna watu huombwa msamaha kwa dhahabu, mimi niliombwa kwa papai, na nililipokea.

Ninamshukuru Mungu aliyeniokoa na midomo ya watu, na woga wangu mwenyewe. Na wewe uliyeketi hapa leo unasemwa, nyumba yako watu wanaipita kando, mpaka umeanza kuwasadiki wanaokusema: mtumaini Bwana. Yeye anajua kilichomo ndani ya sahani kabla hakijaonekana mwilini. Jibu lake likija limebeba begi na uso wa adui, mkaribishe ndani, mpe kijiko.

Nimekaribia kumaliza. Mtamwona Nyevu pale mlangoni, mwenye gauni jipya, maana lile la buluu bado tunalisubiri limwenee tena. Ana beseni la mapapai. Ibada ikiisha msikimbie. Wale mlioacha kula mkononi mwangu ninawajua wote, na sina kinyongo. Njooni. Mkitaka, nitaonja mimi kwanza.