Nyanya ya Kumi na Moja

Kijiwe cha Mwanahawa kiko Area D, mkabala na geti la shule ya msingi, kwenye benchi lenye miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Mwanahawa, mama wa Kondoa asiye na masihara, huuza nyanya upande huu na kahawa upande ule, na upepo wa Dodoma ukishaamua kupita, vumbi linaingia kote bila upendeleo. Wenye benchi ni wawili. Stanley wanamwita VAR, kama ile video ya marefa wa mpira, kwa sababu hakuna ugomvi asiotaka urudiwe tangu mwanzo. Mzee Ernest wanamwita Afisa. Alikuwa tarishi wizarani mpaka akastaafu, lakini lugha ya vikao haijamtoka. Wa tatu ni Hashimu, dereva wa bajaji, anayeegesha hapo kila saa nane kumsubiri binti yake Asma wa darasa la pili. Siku zote Hashimu ndiye mchokozi wa kijiwe. Leo alikuwa amenuna, daftari la hesabu liko mapajani.

— Hilo daftari si la mtoto? aliuliza VAR. Mbona unalo wewe?

— Amelikataa asubuhi. Kaniambia, "Baba, mimi sina akili. Libebe wewe."

Huyu ndiye Asma aliyekuwa akihesabu nguzo za umeme kutoka nyumbani mpaka shuleni, na akikatizwa na honi anaomba bajaji irudi nyuma.

— Lete turudie tukio, alisema VAR. Akalifungua na kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Mama alinunua mafungu mawili ya nyanya. Kila fungu lina nyanya tano. Je, ana nyanya ngapi?" Mtoto kajibu kumi na moja. Kapigwa mkasi mwekundu huo! Sasa kosa liko wapi?

— Si ndiyo nashangaa na mimi! alisema Hashimu. Mafungu mawili hapa ni kumi, na nyongeza moja. Kila siku. Mwanahawa, nasema uongo?

— Husemi uongo, alisema Mwanahawa akipuliza mkaa. Sijawahi kumnyima mtu nyongeza.

— Nani alimsaidia hiyo kazi? aliuliza Afisa.

Hashimu alikunywa kahawa iliyokwisha zamani.

— Alikuwa ameshaandika kumi, alisema polepole. Mimi ndiye niliyemwambia afute. Nikamwambia, mwanangu, umesahau nyongeza.

Na hilo ndilo lililokuwa likimkereketa tangu asubuhi. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, hesabu zilimpiga chenga, akaapa mtoto wake hazitampiga. Sasa mara ya kwanza kukaa naye mezani, kamtia kosa ambalo mtoto hakuwa nalo. Baada ya dakika kumi Asma angetoka pale getini, na Hashimu hakujua amwambie nini.

— Mwambie swali lina mapungufu, alisema Afisa. Kitaalamu, hatujaambiwa mama alinunua mwaka gani. Kabla serikali haijahamia Dodoma, fungu lilikuwa nyanya sita. Wageni walipokuja likawa tano. Ofisi zikiongezeka tena, tutauziwa nyanya nusu nusu.

— Mzee, unatutoa nje ya uwanja, alisema VAR. Ishu ni huyo mama. Ana mtoto mgongoni? Mama mwenye mtoto mgongoni anaongezwa mbili. Jibu ni kumi na mbili!

— Na kama ni mjamzito? aliuliza Afisa.

— Kumi na tatu. Na limau juu.

— Limau si nyanya, alisema Mwanahawa.

— Basi kumi na tatu na robo!

— Mimi naona swali limetungwa na mtu wa supamaketi, alisema Afisa. Kule nyanya zinapimwa kwenye mzani, nyongeza hawaijui. Iundwe tume. Iende Hombolo, iende mpaka Kondoa, ikusanye mafungu ya kila soko, itafute wastani.

— Tume itakula nyanya zote kabla ya ripoti, alisema VAR.

Wakacheka wote, isipokuwa Hashimu. Alikuwa anatazama geti. Asma alikuwa anakuja, kichwa chini, na pembeni yake Mwalimu Ruthu, yule yule wa kalamu nyekundu.

— Shikamooni, alisema Asma.

— Marahaba, mama.

— Habari za hapa? alisema mwalimu. Dada, naomba mafungu mawili.

VAR alimpiga Hashimu kiwiko. Hashimu akakohoa tu. Mwanahawa, ambaye alikuwa amesikia kila neno, akachukua mfuko na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, mpaka kumi. Akaufunga fundo. Akamkabidhi.

Mwalimu hakuondoka.

— Dada, umenisahau.

— Nimekusahau nini, mwalimu?

— Nyongeza yangu.

Afisa alipaliwa na kahawa. VAR alisimama kabisa, akachora kile kiboksi cha marefa hewani kwa vidole viwili. Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaliona daftari, kisha akamwona Asma, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ameinua uso. Mwalimu akajiziba mdomo, lakini kicheko kilishatoka.

— Kumbe ile moja ilitoka hapa!

— Nilimwongezea mimi, mwalimu, alisema Hashimu, na akaona nafuu kulisema. Yeye aliandika kumi, na leo anasema hana akili.

Mwalimu alichuchumaa.

— Asma, yule mama wa kwenye swali alipewa ngapi?

— Kumi.

— Na mimi nikipewa haki yangu?

— Kumi na moja.

— Nimemzidi ngapi?

— Moja. Ya nyongeza.

— Sasa nani anasema huna akili?

Asma alimnyang'anya baba yake daftari, akatoa penseli kwenye begi, akajipenyeza katikati ya VAR na Afisa mpaka benchi likalia. Hashimu alihisi macho yanamwasha, akasingizia vumbi.

— Shangazi, alisema Asma, mtu akinunua mafungu matatu, nyongeza ni ngapi?

Mwanahawa alizitazama nyanya zake.

— Inategemea, alisema.

— Inategemea nini?

Mwanahawa alimtazama Afisa. Afisa alimtazama VAR. VAR alimtazama mwalimu, na mwalimu akaanza kufungua fundo la mfuko wake bila sababu. Asma alikuwa ameshafungua ukurasa mpya, penseli iko juu ya karatasi, anasubiri jibu.