Lorena Oakes, Mwenye Ile Miguu

Ndugu, majirani na wacheza dansi wote mliofika hapa Burbank, familia imemteua mkwe awasomee habari za mama yetu, kwa kuwa wenye sauti nzuri wote wanalia.

Marehemu Lorena Haskell Oakes alizaliwa tarehe 11 Februari 1929, Bakersfield, akiwa mtoto wa tatu wa mwoka mikate Otis Haskell na mkewe Viola, akasoma shule ya msingi hukohuko, na familia ilipohamia Burbank akamaliza sekondari Juni 1946, huku akijifunza dansi ya viatu vyenye vibati chini katika gereji ya jirani, ambaye gari lake lililala nje miaka yote hiyo bila kinyongo.

Septemba 1948 aliajiriwa na studio moja ya Culver City, enzi za sinema za mapenzi ambamo watu wawili hawakuweza hata kununua gazeti bila okestra kuanza kupiga, na kila ugomvi uliishia kwenye ngazi nyeupe na busu. Wakati wa kupiga picha, muziki ulizidi vishindo vya viatu, basi vishindo vilirekodiwa baadaye, mchezaji akicheza upya juu ya ubao huku akiitazama picha yake, ila nyota wa studio, Rosalind Vane, mwenye tabasamu la kumfanya mpita njia agonge nguzo, alikuwa na miguu mizito, hivyo aliyepanda ubaoni alikuwa Lorena, chini ya mkataba kwamba akimwambia mtu yeyote, kazi hana.

Balaa ni kwamba fundi aliyeunganisha sauti na picha katika jengo jingine, Wendell Oakes, ambaye Lorena alikula naye mchana kantini na kumpenda kimyakimya, alikuwa ameipenda ile miguu akidhani ni ya Rosalind, na kila siku wimbo ulikuwa mmoja: "Lorena, yule mwanamke miguu yake inacheka! Wallahi nitamposa!" naye Lorena akijibu, "Mpose basi, supu yako inapoa."

Ijumaa ya tarehe 3 Oktoba 1952, Wendell aliingia kantini na maua mkononi, akauliza, "Leo namwendea. Niko sawa?" Lorena akamwambia, "Tai imepinda," akainyoosha, akaketi, na kwa kuwa mkataba ulifunga mdomo tu, akaipiga chini ya meza ile dansi ya ngazini aliyomrekodia Rosalind, yote, mwanzo hadi mwisho, hata kijiko cha Wendell kikaanguka.

"Lorena! Kumbe ni wewe?"

"Kwani nimesema kitu?"

"Hujasema."

"Basi kula, bwana. Na hayo maua yaweke hapa, yasije yakanyauka njiani."

Walifunga ndoa tarehe 9 Mei 1953, Rosalind mwenyewe akiwa msimamizi wa bibi harusi, akacheza na kuwakanyaga wageni kwa furaha kubwa, wakajaliwa Philippa mwaka 1955 na Curtis mwaka 1958, na mama akafundisha dansi hadi 1994, akimkatia tamaa mwanafunzi mmoja tu, yaani huyu anayewasomea.

Moyo ulianza kumsumbua Juni 2023, akalazwa mara kadhaa, akafariki dunia nyumbani, Jumanne tarehe 5 Machi 2024, akiwa na miaka 95.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea vyakula hadi friji ikakataa kufunga, na wenzake wa kazini waliobaki, ambao walijua na wakanyamaza. Maana sinema zile zilirudiwa miaka yote, watu wakiisifu miguu ya Rosalind, na mama akipiga makofi pamoja nao, kwa sababu alikuwa ametoa neno lake, kiasi kwamba hata juzi familia ilisita kuyaandika haya, mpaka Mzee Wendell aliposema, "Soma, mwanangu. Nani atamfukuza kazi sasa?"

Basi tunatamka hadharani kwa mara ya kwanza: ile miguu ilikuwa yake. Pumzika sasa, Mama Lorena, kwa amani, na makofi haya ni ya kwako.