Nguo ya Ubatizo Isiyo na Mkono

Asifiwe Bwana aliyenipa pumzi ya kusimama mbele yenu leo! Semeni amina yenye nguvu kidogo, masikio yangu yamezeeka. Asanteni. Mimi ni Teodora, wengi mnanijua, yule bibi mwenye cherehani pale Makanyagio, anayewashonea watoto wenu sare za shule na kuwagombeza nyie wazazi mnaokuja kuagiza siku ya mwisho.

Padri ameniomba niseme neno kwa hawa vijana wetu wanaoingia kwenye mtihani wa kidato cha nne. Nimewatazama tangu misa ilipoanza. Yupo mmoja hapo mbele, simtaji, ametafuna kucha mpaka amefika kwenye nyama. Mjukuu wangu, huo ugonjwa ninaujua. Niliugua mimi kabla wazazi wako hawajazaliwa.

Ndugu zangu, nazungumzia miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza. Kwetu ni Mpimbwe, tunalima mpunga na mahindi. Baba alikuwa hapa Mpanda, kwenye machimbo ya madini ya risasi, na nyumbani alikuja kwa nadra, akidandia lori. Mama alinizaa mimi, halafu wakaja wengine, lakini hawakukaa. Kwa hiyo kila walichokuwa nacho wazazi wangu walikiweka juu yangu. Nilipelekwa shule ya kati ya masista, ya bweni, kuanza darasa la tano, na kijijini kwetu hakuna msichana mwingine aliyekuwa amefika huko.

Muhula wa kwanza nikawa wa kwanza darasani. Baba alitangaza kambi nzima ya wachimbaji, mpaka mpishi wao alijua jina langu! Muhula uliofuata nikawa wa pili. Nilimpa baba ripoti, akaisoma taratibu kwa kidole, akaikunja, akasema, "Haya." Basi. Hakunipiga wala hakunisema. Lakini ile "haya" iliniingia, ndugu zangu, nikarudi nayo shuleni, nikala nayo, nikalala nayo. Nikaapa kwamba sitaisikia tena.

Ndipo ugonjwa ulipoanza. Nikiandika insha na neno moja likapinda, nilichana ukurasa na kuanza upya. Nikianza upya, nilikosea mahali ambapo mwanzo sikukosea. Kwenye hesabu nilikwama swali la kwanza, nikalifuta na kulirudia, mpaka kengele ikalia na wenzangu wamemaliza yote. Wakanipa jina la Raba, kwa sababu ya kile kipande cha raba nilichokuwa nafutia, maana hakikutoka mkononi. Nilicheka nao, lakini usiku nililowesha mto kwa machozi. Asubuhi ya mtihani hata uji ulinishinda. Jambo la kushangaza ni kwamba nilizidi kushuka! Anayetafuta ukamilifu namna ile anakabidhi karatasi nusu, na nusu haina alama nyingi.

Niliomba sana. Lakini mniangalie nilivyokuwa naomba: nilikuwa namsihi Mungu nisikosee. Kwangu mimi Mungu alikuwa kama msimamizi wa mtihani, anapita nyuma ya mgongo wangu, ananyamaza, anachungulia. Hata rozari niliirudia mwanzo kila mawazo yalipohama. Kuna siku niliianza mpaka magoti yakafa ganzi na sikufika mwisho wake.

Nikiwa darasa la nane, mwanzoni mwa mwaka, habari ikaja kwamba mama amejifungua mtoto wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Baada ya miaka yote ile! Nilirukaruka bwenini kama kichaa. Akaitwa Oliva. Baba akanunua kitambaa cheupe cha bafta kwenye duka la Mhindi hapa Mpanda, akanitumia nimshonee mdogo wangu nguo ya ubatizo. Mwaka ule mvua zilizidi, mto ukajaa, padri hakuweza kufika kwenye kikanisa chetu cha kigango. Ikasemwa atafika kiangazi, watu wakishavuna. Kwa hiyo nguo ilikuwa na muda.

Kile ambacho nguo haikuwa nacho ni mshonaji mwenye akili timamu. Sista aliyetufundisha kushona aliitazama akasema, "Nzuri, Teodora. Iache sasa." Mimi nikaona mkono wa kushoto umekunjamana kuliko wa kulia. Nikaufumua. Nikaushona. Nikaufumua tena. Likizo ya kiangazi ilipofika nilirudi nyumbani na nguo yenye mkono mmoja, na ule mwingine umefungwa kwenye leso pamoja na sindano.

Nilimkuta Oliva ameanza kukaa mwenyewe. Alikuwa na vishimo mashavuni, na akinishika kidole haachii. Wiki ile, ndugu zangu, nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi. Nilimbeba mgongoni kutwa nzima. Mkono wa nguo ukaningoja ndani ya leso.

Halafu homa ikampata. Tulimpa dawa tulizokuwa nazo, tukamkanda kwa maji. Siku ya pili, mchana, watu wote wako uwanjani wanapura mpunga, degedege likamshika. Macho yakageuka. Mama alinitazama, na ule uso wake niliuelewa: alikuwa ameshawazika wengine na alizijua dalili.

"Katekista yuko wapi?" akauliza.

"Amekwenda misheni, mama."

"Basi mbatize wewe."

Ndugu zangu, mnajua maana yake wakati ule. Watoto waliofariki bila ubatizo tuliwazika pembeni, mbali na misalaba. Mama alikuwa na wawili huko pembeni. Na mimi somo hilo nililijua: mtoto akiwa katika hatari ya kufa, padri hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Amwagie maji kichwani huku akitamka maneno. Nililikariri mpaka kwenye nukta! Lakini nilisimama pale na kikombe cha maji, nikashindwa. Nilikuwa nafikiri: nikikosea neno moja, huyu mtoto nimempoteza milele. Maji yakanimwagikia miguuni. Sikuwahi kufanya mtihani kama ule, na huu haukuwa na raba.

"Teodora," mama akasema. "Fanya."

Nikaanza kumwaga. "Oliva, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana..." Sauti ikakatika. Nikaanza kulia. Nikavuta pumzi ili nirudi mwanzo kabisa, niseme yote upya, vizuri, bila kilio. Mama akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka nikasikia maumivu.

"Usirudie," akasema. "Malizia!"

Nikamwaga maji yaliyobaki. "Na la Roho Mtakatifu." Nilisema kwa sauti mbaya, ya makamasi, hata mimi sikuitambua. Lakini nilimaliza.

Mama akasema, "Leta nguo yake."

"Mama, haina mkono."

"Leta!"

Tukamvalisha. Mkono mmoja ulikuwa na marinda mazuri, mwingine ulikuwa wazi, bega lake dogo linaonekana. Mama alimtazama kwa muda, akasema kwa Kipimbwe chetu kwamba mtoto wake amependeza. Oliva alifariki jua likiwa bado juu, na nje watu walikuwa wanaendelea kupura, hawajui. Nilitamani waache zile kelele.

Tulimzika kwenye misalaba, na nguo ile ile. Baba alifika kwa lori tumeshazika. Mama alimsimulia yote, mpaka kikombe, mpaka mkono wa nguo. Baba akanitazama, akasema, "Haya, mwanangu." Halafu akafunika uso kwa kofia yake ya machimbo, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia. Wala sikuwa nimewahi kufikiri kwamba baba yangu ni mtu asiyejua kusema mengi.

Sitawadanganya kwamba nilipona siku ile. Niliteseka bado. Nilijiuliza kama ubatizo uliokatika katikati unahesabika. Padri alipofika kigangoni nilimkimbilia nikamweleza. Akauliza, "Ulimaliza?" Nikasema nilimaliza. Akasema, "Basi amebatizwa. Mungu hakuwa anasikiliza sauti yako ilivyo, alikuwa anampokea mtoto." Akaenda kulibariki kaburi, na mimi nikapiga magoti kwenye udongo, nikalia kwa sauti kile kilio nilichokuwa nakificha kwenye mto tangu darasa la tano. Pale, ndugu zangu, Bwana alinifungua! Yule msimamizi aliyekuwa anatembea nyuma ya mgongo wangu sikumwona tena. Nilimwona Baba.

Nilirudi shuleni, nikafanya mtihani wa darasa la nane. Nilikosea, nikakata kwa mstari, nikaendelea. Karatasi zote nilikabidhi zimejaa. Kwenda sekondari Tabora sikuchaguliwa, nafasi za wasichana zilikuwa chache mno. Nililia, halafu nikala ugali wote na nikaongezewa. Masista wakanichukua nifundishe kushona, na hapo ndipo maisha yangu yalipotokea.

Bado namlilia Oliva. Nyie mnadhani bibi kizee amesahau? Kila nikipachika mkono wa nguo ya mtoto namkumbuka, na sindano nasimamisha kidogo. Huzuni hiyo Bwana hakuniondolea, na sikumwomba aniondolee. Alichoniondolea ni hofu.

Sasa nyie vijana, someni! Sikuja hapa kuwafundisha uvivu, mama zenu watanipiga mawe. Lakini mkikwama kwenye swali, msirudi mwanzo. Mkikosea, kateni mstari. Mwaminini Bwana kwa hicho kilichopinda mikononi mwenu, mmkabidhi hivyo hivyo, yeye anapokea. Na wewe mjukuu wangu wa kucha, baada ya misa njoo kwangu, nimepika maandazi, na mengine yameungua.

Nguo nyingi zimepita mikononi mwangu tangu wakati ule, na mishono yangu mingine imepinda, nyie wenyewe mnaivaa na mnaiona. Lakini zote nilizimaliza, zote zina mikono miwili, isipokuwa moja. Nami nashukuru hata kwa hiyo moja. Siku Bwana akiniita, sitahangaika kumtafuta mdogo wangu katikati ya watoto wote wale. Nitamjua Oliva kwa nguo yake.