Utumbo wa Bi Zohra

Katika treni ya kwenda La Marsa, Bi Zohra alitega sikio. Ugonjwa uliozungumziwa kwenye kiti cha nyuma yake ulikuwa wake pia, ila hakuwahi kumwambia mtu.

"Utumbo ukivimba, seli za ukuta wake hupata ujumbe kupitia vipokezi vilivyo kama masikio," msichana mmoja, mfanyakazi wa maabara, alimweleza mzee aliyeketi naye. "Basi hushikamana, zikaziba mianya."

"Zangu ni viziwi, binti yangu."

"Zinasikia, ami! Zisingesikia, ungeumwa zaidi."

Mzee akacheka. "Kwa hiyo pilipili ya harissa ruksa?"

"Muulize daktari wako."

"Yule jibu lake nalijua. Nakuuliza wewe."

Kituo cha Bi Zohra kilipita, asinyanyuke. Treni ilipofika mwisho, wawili hao walishuka wakibishana. Akawakimbilia.

"Samahani, mwanangu. Hata mimi utumbo wangu unavimba."